Risasi Tatu kwa Bastola ya Nne

Palma, alasiri

Mwanangu Sauda,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule, na ukishakula atakumbuka habari nyingine. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko uani anakufungia vitu vya safari. Mambo ya nguo, ya dawa na ya namna ya kukaa na watu wa nyumba utakayofikia atakuambia yeye, maana hayo anayajua kuliko mimi. Mimi nimekaa barazani na daftari lako la zamani la shule, zile kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nimezichana.

Nina hofu, Sauda. Tangu ulipoleta habari kutoka uwanja wa shabaha unaoutunza kwamba umechaguliwa kwenda kusomea ufundi wa silaha, umeniona nikicheka na kupeana mikono na majirani, ukadhani baba yako ana furaha tupu. Furaha ninayo. Lakini tangu siku ile chakula hakinipiti vizuri, na mama yako ameshaanza kuniuliza naumwa nini. Naihofia njia, pale kwenye vizuizi, askari wanapoteremsha watu na kutazama documento, vile vitambulisho, za mmoja mmoja. Nahofia utakuwa msichana peke yako darasani. Hofu hizo kila mzazi wa huku anazo, tunazibeba pamoja, na tukikutana msikitini tunaulizana habari za watoto.

Hofu yangu kubwa ni nyingine, nayo sijawahi kumwambia mtu hapa nyumbani, hata mama yako. Unakwenda kufanywa mtu ambaye akisema silaha hii nzima, hakuna anayemuuliza mara ya pili. Mimi niliwahi kuwa mtu huyo.

Unajua kwamba kabla ya vita nilifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, na kwamba nilikuwa mtunza uwanja wa shabaha. Hilo ulilijua tangu utotoni, maana nilirudi nyumbani nikinuka baruti na wewe ukiziba pua. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya kambi, ukishapita mikorosho. Mwisho wake palikuwa na tuta refu la udongo mwekundu lililosukumwa na trekta, ili risasi ziishie humo. Nilikuwa na bastola nne za shabaha. Hizo hazikutoka uwanjani. Walinzi walikuwa na silaha zao za kazini, lakini siku ya mtihani kila mmoja alipimwa kwa hizi nne, kwa sababu zilidhaniwa kuwa sawasawa. Kuhakikisha ziko sawasawa ilikuwa kazi yangu.

Namna ya kuzilinganisha nilikufundisha mwenyewe, kwa hiyo sitakueleza kirefu. Karatasi mpya kwa kila bastola, mita ishirini na tano, mikono imeegemea gunia la mchanga ili isitikisike, risasi za kasha moja, tano kwa kila bastola. Kisha unakwenda na rula, unapima matundu mawili yaliyoachana kuliko yote. Ile ambayo matundu yake yako karibu karibu ndiyo yenye shabaha. Ulikuwa ukilalamika kwamba tano ni nyingi, kwamba baada ya ya pili au ya tatu mtu ameshaona. Nilikuwa nakukatalia kwa ukali, na ukali ule hukuelewa ulikotoka.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Chefe wetu, yaani mkubwa wetu wa kazi, aliitwa Tomás, mtu wa kusini, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliniambia mtihani ni keshokutwa, bastola nizipime leo, na karatasi ya majibu aikute mezani. Nilianza asubuhi. Ya kwanza ilinipa sentimita tano. Ya pili saba. Ya tatu sita. Nilifanya vizuri, nakuapia, sikuruka kitu.

Nilipofika ya nne, gari la kambi lilikuwa limewashwa, linakwenda mjini. Likiniacha, nitembee saa mbili juani. Dereva akapiga honi. Nikapiga risasi mbili, zikakaa pazuri, karibu kugusana. Akapiga honi tena nikiwa navuta ya tatu, nayo ikaenda chini kushoto, mbali na wenzake kwa upana wa kiganja.

Nilikaa nikiitazama karatasi kwa darubini. Risasi ya chini kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia, mara nyingi ni kosa la mpigaji, amevuta kwa pupa. Hilo ni kweli na utalisoma hata huko uendako. Nikajiambia ni honi ile iliyonishtua. Lakini mikono yangu ilikuwa juu ya gunia, Sauda. Gunia lipo kwa ajili hiyo, ili mkono usisingiziwe. Nilitakiwa kupiga ya nne na ya tano. Ingekuwa dakika moja, labda mbili.

Nikachukua fomu, nikaandika: bastola ya nne, risasi tano, sentimita sita. Sita niliitoa kichwani. Niliona inafanana na zile nyingine. Nikakimbilia gari.

Siku ya mtihani walikuja walinzi wanane. Masharti yalikuwa risasi kumi, saba ziingie ndani ya duara. Asiyefikisha saba mkataba wake hauendelei. Palikuwa na meza nne, bastola moja kila meza, na watu waliingia kwa zamu, wanne kisha wanne. Meza ya nne, zamu ya kwanza, alikaa Anli.

Sijui kama unamkumbuka vizuri baba mdogo Anli. Hatukuwa ndugu wa damu, yeye ni mtu wa Quiterajo, lakini tulianza kazi siku moja na tukalala chumba kimoja kambini miaka mitatu. Kila akirudi kwao alikuletea pweza mkavu amemfunga kwa ukili, nawe ukimkataza mtu yeyote kugusa mpaka ukate kipande cha kwanza mwenyewe. Alipoacha kuja ulinisumbua sana. Nikakuambia amehama. Lilikuwa neno la kweli, ila nililitumia kukudanganya.

Anli alikuwa mpigaji mzuri. Siku hiyo aliingiza risasi nne tu. Matundu sita yalikuwa yamerundikana chini kushoto, nje ya duara. Hakupiga kelele. Aliiweka bastola mezani, akaja mpaka niliposimama na Chefe Tomás, akasema kwa sauti ya chini, "Assumane, ile inavuta kushoto. Nipe nyingine nirudie."

Chefe akanigeukia. Akaniuliza kama nimezipima.

"Nimezipima, chefe."

"Zote?"

"Zote. Bastola haina neno. Labda mkono wake."

Anli alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi, kwa sababu alinijua na alijua kuna kitu nimekibakiza. Mimi nikainama, nikaanza kuhesabu maganda ya risasi chini, ambayo hayakuwa na haja ya kuhesabiwa. Chefe akasema utaratibu ni mmoja kwa wote, hakuna kurudia.

Zamu ya pili meza ya nne alikaa kijana mmoja aliyetoka Nampula. Naye akaanguka. Watu wanane walipiga, wawili wakaanguka, na wote wawili walitoka meza moja. Hilo nililiona mwenyewe, na Chefe hakuliona kwa sababu karatasi yangu ilimwambia asitafute huko. Yule kijana jina lake silikumbuki. Nimelitafuta kichwani miaka yote hii. Wakati ule angalau ningeweza kuliuliza, na sikuuliza.

Wiki iliyofuata, Anli alipokwisha kufunga mizigo yake na kuondoka, nilikwenda uwanjani peke yangu na ile ya nne. Nikaegemeza mikono kwenye gunia. Tano zote zikaenda chini kushoto. Nikapiga tano nyingine, hivyo hivyo. Nikaitazama mira, zile alama mbili za kulengea, na ile ya nyuma nikaisukuma kwa ukucha. Ilicheza. Skrubu yake ilikuwa imelegea, mira imelala upande wa kushoto na kushuka kidogo. Risasi zangu mbili za kwanza siku ile ziliikuta bado imeshika. Ya tatu ndiyo iliyoiachia. Kama ningepiga ya nne na ya tano ningeiona pale pale.

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikaikaza, nikairekebisha, nikapiga tena, ikanipa sentimita sita. Ile ile sita niliyoiandika.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka. La pili nililifanya taratibu, nimekaa, nina bisibisi mkononi. Kama ningeiacha vile vile na kumwita Chefe aje aone, Anli angerudishwa kazini, nami labda ningefukuzwa. Badala yake niliitengeneza, na nilipoitengeneza nikaondoa kitu pekee kilichoweza kumsemea. Tangu siku ile hata mtu angekuja kuikagua, angekuta bastola nzima na mlinzi mwenye mkono mbovu.

Nilijiambia nitalisema wiki ijayo. Halafu nikajiambia Anli atakuwa ameshapata shughuli kwao, ana shamba, ana bahari, kwa nini nivuruge mambo. Utashangaa jinsi moyo unavyoweza kukupangia sababu, moja baada ya nyingine, na kila moja ina sura ya busara. Mimi sikuwa mtu mwovu siku zile. Nilikuwa nasali, nilikuwa nawapenda ninyi, na nilikuwa nalinyamazia jambo hilo kila siku.

Kisha vita vikafika Quiterajo. Anli alipoteza nyumba na kaka yake mkubwa, akatembea porini na mkewe na watoto siku nyingi, mpaka wakafika Nhica do Rovuma kwa ndugu za mkewe. Sisemi kwamba ile skrubu ndiyo iliyochoma nyumba yake. Palma napo palichomwa, unakumbuka, tulikimbia na kanga moja na sufuria. Angebaki kazini labda mambo yangemkuta mabaya zaidi. Hilo sitalijua. Najua tu kwamba mahali alipokuwa siku ile, mimi ndiye niliyempeleka kwa kalamu.

Mwaka juzi nilikuageni nikasema nakwenda kutazama shamba la kukodi kule mtoni. Sikwenda kutazama shamba. Nilikwenda Nhica kumtafuta Anli.

Nilimkuta anaziba pancha za baiskeli chini ya kibanda cha turubai. Ndevu zimeota mvi. Akanijua mara moja, akaniita kwa jina, akanipa kigoda. Tukaulizana habari za watoto. Akakuulizia wewe. Nikaona nikikaa dakika tano zaidi sitasema, nitakunywa maji yake na kuondoka, kwa hiyo nikamkatiza katikati ya neno na kumwambia yote: honi, gari, fomu, sentimita sita, na bisibisi.

Alikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli mkononi, anaukwangua kwa msasa. Aliendelea kuukwangua mahali pale pale, hata palipokuwa pamekwisha kulainika.

"Ulipiga ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Na ya tatu?"

"Ilikwenda chini kushoto."

Akaweka msasa chini. "Kwa hiyo mkono wangu haukuwa mbovu."

"Haukuwa."

Nilidhani atanitukana, au atanifukuza, au kwamba Mungu atampa moyo wa kunisamehe pale pale. Hakufanya lolote. Alianza kunieleza, bila kunitazama, kwamba tangu siku ile alikuwa anajijaribu. Akitupa jiwe anaangalia limeanguka wapi. Akigongea msumari anaangalia nyundo imelalia upande gani. Alidhani amepata ugonjwa wa mishipa, kwamba mkono unamdanganya na yeye hajui. Mtoto wake mdogo alipougua kule porini, wakapata dawa ya matone, alimpa mkewe adondoshe, yeye akasimama mbali, kwa kuogopa mkono wake utazidisha. Mkewe naye alikuwa amechoka na anatetemeka kuliko yeye. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini Anli alisema, "Nilimtazama mwanangu akiumwa na sikumgusa."

Sauda, nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kazi aliyokosa. Hili sikujiandaa nalo. Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya Anli kazi, na kumbe nilimnyang'anya mkono wake.

Kisha akamwita mkewe, Muanacha, aliyekuwa anatwanga nyuma ya nyumba. Akamwambia, "Njoo usikie." Akaniambia nirudie yote mbele yake, maana huyu ndiye aliyekuwa anadondosha dawa na kubeba mizigo mizito kwa ajili ya neno langu. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Muanacha alisikiliza akiwa ameushika mchi. Nilipomaliza akasema, "Ungekuja mapema," akarudi kutwanga.

Anli akanitaka niandike. Akachana karatasi ya daftari la mtoto wake, nami nikaandika kwa Kireno na kwa Kiswahili kwamba bastola ndiyo iliyokuwa na kosa, kwamba sikuipima sawasawa, na kwamba niliyeandika fomu ni mimi, nikatia saini. Aliisoma yote mpaka mwisho. Kazi yenyewe haipo tena, kambi ile imebaki kuta, Chefe Tomás amesharudi kwao, na karatasi ile haina ofisi ya kupelekwa. Aliikunja na kuitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake.

Alinisindikiza mpaka njia kuu. Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, na mpaka leo hajasema, ingawa huniletea salamu kwa watu wa biashara wanaopita kwenda na kurudi Mtwara. Nimejifunza kukaa na jibu hilo. Nilikuwa nikidhani mtu akikiri anapumzika. Sikupumzika. Ila tangu siku ile naweza kulitaja jina lake bila kuinama.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo.

Jumatatu tulikula pamoja mchana. Ukatuhadithia habari za kazini, jinsi ulivyolinganisha zile bastola mpya tatu, na jinsi mlinzi mmoja anayeitwa Jamali alivyoanguka mtihani akalalamikia bastola. Mama yako akamwonea huruma. Wewe ukasema, "Bastola haina neno, mama. Ni mkono wake." Nikaacha kula. Nikakuuliza ile aliyopigia uliipima kwa risasi ngapi. Ukajibu, "Za kutosha, baba," ukaomba chumvi. Ukaniuliza mbona nimebadilika uso, nikasema ni mwiba wa samaki. Haukuwa mwiba.

Huenda nakuonea. Huenda ulipiga tano, huenda ulipiga kumi, na mzee huyu anaona kivuli chake kila mahali. Kama ni hivyo, nikasirikie njia nzima mpaka Pemba, huko chuoni kwako, nitafurahi. Lakini sikuweza kukuuliza mara ya pili mbele ya mama yako, na tangu Jumatatu nimekufuata mara nne mpaka mlangoni nikarudi. Nilichelewa kwa Anli miaka mingi. Kwa Jamali sijui tumebakiwa na siku ngapi, ila wewe ulisema jina lake linapelekwa ofisini kesho mchana.

Gari lako linaondoka saa nne asubuhi. Uwanja unafunguliwa saa kumi na mbili, na mpaka utakapoukabidhi ufunguo, wewe bado ndiye mwenye bastola hizo. Nenda nayo ile moja tu. Weka gunia. Piga tano. Zikikaa pamoja, na pale pale ulipolenga, funga, kabidhi ufunguo, uondoke na moyo mweupe. Zisipokaa, nakuomba usiguse skrubu. Iache kama ilivyo, umwite mkubwa wako aje aione kwa macho yake, na umwambie uliyeipima ni wewe. Inawezekana wakakuondoa kwenye orodha ya kozi. Nimelifikiria hilo tangu Jumatatu, na ndilo lililonifanya nichane zile karatasi mbili. Najua ulivyoisubiri safari hii.

Nasikia mama yako anaita kuuliza kama umerudi. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uione kabla hujalala.

Kesho nitatangulia kituoni na begi lako, nimwombe dereva akungoje. Akikataa, nitalishusha begi.

Baba yako,
Assumane